Kifua Kikuu cha Mgongo

Ukiupapasa mgongo wa mwenzako, utasikia vinundu vilivyopangwa safu moja toka shingoni hata kiunoni. Hizo ndizo pingili za uti wa mgongo. Katikati yake mna mfereji, nao umebeba mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

Watu wengi hudhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu tu, kama jina lake lisemavyo. Sivyo. Damu huweza kuvichukua vijidudu vyake toka mapafuni hata mifupani, hasa katika pingili. Mwaka 1779 mganga Mwingereza, Percivall Pott, aliandika habari za watu wenye kibiongo ambao miguu yao ilipooza. Mwaka 1882 Robert Koch, Mjerumani, alivigundua vijidudu vyenyewe.

Vijidudu hivi havina haraka. Huila pingili upande wa mbele kwa majuma na miezi, kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba, na kwa nje huonekani uharibifu wo wote. Mwisho pingili hubomoka, mgongo hupinda, na kibiongo hutokea. Usaha ukiisonga mishipa ya fahamu, miguu hulegea.

Tumfikirie mtoto wa Kisiba aliyezoea kujitwika ndizi na kupanda vilima bila taabu. Sasa mgongo wamwuma kila siku, hata usiku hulia. Amekonda, na jioni ana homa. Akiangusha kitu hainami, bali hupiga magoti akauweka mgongo wima. Wengine watasema, "Ni mzigo tu," nao watamkanda. Wasifanye hivyo! Apelekwe upesi hospitali, kama ile ya Makandana mjini Tukuyu. Dawa zipo, lakini yampasa kuzimeza miezi mingi, pengine mwaka mzima, asiache ajionapo hajambo. Akiwahi, mgongo wake huweza kupona ungali umenyoka. Akichelewa, vijidudu vitakufa, lakini kibiongo kitabaki.

Tusimkimbie mgonjwa huyu. Ikiwa mapafu yake ni mazima, pumzi yake haiambukizi. Lakini akohoaye majuma mawili na apimwe, maana vijidudu huenea kwa kikohozi. Watoto wachanga wapate chanjo. Na maziwa yachemshwe, kwa kuwa ng'ombe nao wana kifua kikuu chao, nacho hupita katika maziwa mabichi.

Mchwa akionekana mapema, nguzo huokoka. Basi mwenzako akilalamika mgongo siku nyingi, usimcheke. Mwambie mzazi wake au mwalimu.