Kiingilio cha Onyesho: Bei Huamuliwaje?

Tamthilia, tofauti na riwaya, huandikwa ili itazamwe jukwaani; kwa hivyo bei ya tiketi ni suala la fasihi kama lilivyo la uchumi. Wengi huamini kwamba mwandalizi hujumlisha gharama za ukumbi, maleba, taa na waigizaji, kisha akagawanya kwa idadi ya viti. Hesabu hiyo huonyesha jumla inayohitajika, lakini haisemi kila mtazamaji atozwe ngapi.

Ichukuliwe kwamba ukumbi una viti 400 na gharama ni shilingi 80,000. Mgawanyo huo hutoa kiingilio cha shilingi 200. Wakifika watu 250 tu, zitapatikana shilingi 50,000. Bei ikipandishwa hadi 500 wakaja 120, mapato ni 60,000, na zaidi ya nusu ya viti ni vitupu. Nacho kiti kitupu cha leo hakiuziki kesho. Lakini wale 120 wakiuziwa viti vya mbele kwa 500, na viti 280 vya nyuma viuzwe kwa 100, mapato hufikia 88,000.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka wa 1599, Thomas Platter, msafiri kutoka Basel, alieleza kwamba katika kumbi za London mtazamaji alilipa peni moja kusimama uani, peni ya pili ili akae, na ya tatu akitaka mto wa kukalia. Miongoni mwa michezo aliyoitazama ni ule unaoaminiwa kuwa Julius Caesar wa Shakespeare, ambao Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili. Kibarua na bwanyenye waliutazama pamoja, kila mmoja kwa peni zake.

Hata hivyo, sharti tofauti ya bei iwe na alama inayoonekana: mto, kiti cha mbele, au kitambulisho cha mwanafunzi. Bila alama hiyo, wenye uwezo hununua tiketi za bei nafuu, na walanguzi hawakawii kufika.

Ugumu zaidi hujitokeza katika maonyesho ya tamthilia teule, kama ilivyokuwa Kigogo ya Pauline Kea hapo awali, yanayoandaliwa kwa ajili ya shule za sekondari. Hapa kiingilio kimoja kikitozwa kila mwanafunzi, asiye nacho hubaki darasani na kitabu chake, naye atafanya mtihani uleule. Afadhali mwandalizi aiuzie shule onyesho zima kwa bei moja, kidato chote kiingie.