Jasho, Adui wa Mwindaji wa Barafuni

Shule yetu iko nyanda za juu, na kila Julai ikibisha hodi tunasikia kilio kile kile mabwenini: "Jamani, baridi hii itatumaliza!" Mtu anavaa sweta mbili, anajitanda blanketi, na meno bado yanagongana. Kwa hivyo nimeona heri niwaeleze habari za watu ambao kwao baridi yetu ni mchezo wa watoto. Nao hawakai jikoni wakiota moto. Wanatoka kwenda kuwinda!

Watu hawa ni Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya mbali, yaani Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska. Wakati wa majira ya baridi, kipimo cha joto huko huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Hebu fikiria: sehemu ya friji ya kugandishia nyama huwa nyuzi 18 hivi tu chini ya sifuri. Bahari yenyewe huganda, watu wakatembea juu yake.

Mnyama anayewindwa sana juu ya barafu hiyo ni sili. Sili huishi majini lakini hupumua hewa kama mimi na wewe. Basi bahari ikianza kuganda, yeye huchimba matundu kadhaa ya kupumulia na kuyalinda yasizibe. Mwindaji wa jadi akishalipata tundu, husimama kando yake na chusa mkononi, akingoja. Anaweza kungoja saa nyingi. Na hapo ndipo penye kazi: haruhusiwi kurukaruka wala kupigapiga miguu chini kama tufanyavyo sisi kwenye gwaride la asubuhi. Akipiga mguu tu, sili atasikia huko chini na kwenda zake tundu jingine. Wa nyumbani watalala njaa.

Sasa swali: mtu huyu asiyetikisika anapataje joto?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nguo haina joto. Najua utabisha, lakini chukua chupa ya soda baridi uifunge kwa blanketi zito. Je, itapata moto? Hata! Itakaa baridi kwa muda mrefu zaidi kuliko ile uliyoiacha mezani. Blanketi halitengenezi joto, huzuia tu joto lisipite. Joto lenyewe linatoka mwilini mwako, nalo hutokana na chakula. Ndiyo maana mwindaji wa barafuni hula nyama na mafuta mengi ya sili kabla ya safari. Kuni zake amezibeba tumboni.

Jambo la pili ni hewa. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, na nguo nzuri ni ile inayoishika hewa isitembee. Wainuiti walilijua hili zamani, kabla ya kitabu cha fizikia kuwafikia. Wao hushona nguo kwa ngozi ya karibuu. (Msicheke, ndilo jina lake! Ni mnyama wa jamii ya kulungu.) Kila unywele wa karibuu una hewa ndani yake. Mwindaji huvaa suti mbili: ya ndani manyoya yake huelekea mwilini, ya nje manyoya yake hutazama nje. Katikati hubaki hewa. Nguo zenyewe hazibani, na koti lina kofia iliyoshonwa pamoja nalo. Hata lile neno "anoraki" linalotumiwa kwa makoti ya kukinga upepo lilitoka katika lugha ya Greenland. Viatu vya kwenda penye maji hushonwa kwa ngozi ya sili, na uzi wake ni kano za mnyama ambazo zikilowa huvimba na kuziba tundu la sindano. Kazi hii ya ushonaji kwa desturi ilikuwa ya akina mama, na maisha ya mwindaji yalikuwa mikononi mwao. Mshono mmoja ukivuja, mguu unaganda.

Sasa nafika kwenye kiini cha makala yangu. Mwindaji huyu aliyevaa vizuri hivi ana adui mmoja anayemtoka mwilini mwake mwenyewe, naye ni jasho. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Nguo ikilowa jasho, ile hewa tuliyoisifu imefukuzwa na maji yameshika mahali pake. Ukisimama kidogo tu, joto lote linakwenda. Kwa sababu hiyo Wainuiti hujitahidi wasitoke jasho. Wakiwa kazini, kwa mfano kusukuma sleji inayovutwa na mbwa, hushusha kofia au kulegeza nguo shingoni ili joto lililozidi litoke. Wakirudi nyumbani, hukung'uta theluji yote kwenye nguo kabla ya kuingia ndani, isije ikayeyuka na kuzilowesha. Halafu nguo huanikwa zikauke. Siku hizi wengi wao huenda kwa pikipiki za theluji na kuwinda kwa bunduki, lakini kanuni ya jasho haijabadilika.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la mbali. Kaka yangu ni mpagazi katika Mlima Kenya, ule wenye kimo cha mita 5,199. Yeye hajawahi kumwona Mwinuiti hata mmoja, lakini kanuni yake ni ile ile. Asubuhi, kabla ya kubeba mzigo, anavua sweta. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Ukianza kupanda mlima ukisikia joto, mdogo wangu, utafika juu umelowa." Sweta hukaa mkobani, kavu, ikingoja mapumziko.

Alinieleza pia habari za mwenzake mmoja ambaye alipanda amevaa shati la pamba, akatoka jasho chapachapa, kisha akakaa kupumzika penye upepo. Muda si muda alianza kutetemeka, vidole vikakataa kufunga vifungo, na ulimi ukawa mzito kama wa mlevi. Alipoulizwa jina lake, alinung'unika tu. Wenzake hawakupoteza wakati. Walimhamisha penye kinga, wakamvua zile nguo mbichi, wakamvika kavu, wakamfunika kwa mablanketi, na alipoweza kumeza vizuri wakampa chai moto yenye sukari nyingi. Alipona.

Ndugu msomaji, dalili hizo zishike sana. Mwili wa mtu mzima wa afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, ni hatari. Na mtu akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, usiseme "amepata nafuu". Hapo hali imekuwa mbaya zaidi, atafutiwe daktari haraka. Pombe asipewe kamwe. Humdanganya mtu kwamba amepata joto, kumbe inalitoa.

Waliokubali kufunzwa na Wainuiti walifaidika. Mnorwe Roald Amundsen alikaa karibu nao kaskazini mwa Kanada kuanzia 1903 hadi 1905, akajifunza mavazi yao na namna ya kutumia mbwa. Tarehe 14 Desemba 1911, yeye na wenzake wanne wakawa watu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, nao walirudi salama wote watano. Usipuuze elimu ya mtu kwa kuwa hakuipata darasani.

Hata hapa kwetu elimu hiyo ilikuwako. Waogiek wa msitu wa Mau, ambako baridi ya usiku si utani, walivaa zamani majoho ya ngozi za perere zenye manyoya mengi. Lakini tuelewane: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, kwa hivyo simtumi mtu porini na mshale! Ninachotaka ni tuwinde maarifa.

Basi mwenzangu, ukitoka uwanjani umelowa jasho, usivae sweta juu ya fulana mbichi. Ivue kwanza. Usilale na soksi ulizoshinda nazo, tafuta kavu. Nguo mbili zisizobana zina faida kuliko moja nzito inayokubana. Sweta ya sufu ikilowa bado itakusaidia kidogo. Shati la pamba likilowa litakusaliti. Uji wa asubuhi usiuache ati hauna sukari, maana hizo ndizo kuni zako. Na wale mtakaopanda mlima likizo ya Agosti, mkimwona mwenzenu ananyamaza, anajikwaa na kubaki nyuma, msimcheke wala kumwacha. Simameni, mguseni nguo zake. Zikiwa mbichi, mmeshajua la kufanya.

Wahenga walinena, kinga ni bora kuliko tiba. Nawatakia Julai njema, na kavu!