Nguruwe wa kampuni, deni la mfugaji

Banda la kunenepeshea nguruwe katika jimbo la Iowa, Marekani, aghalabu huchukua wanyama wapatao 2,400 chini ya paa moja. Sakafu yake ni ya zege yenye mianya, na kinyesi hudondokea kwenye shimo lililo chini. Feni huzunguka usiku na mchana. Umeme ukikatika siku ya joto na jenereta ikagoma, nguruwe hufa ndani ya saa chache.

Mara nyingi nguruwe hao si mali ya mwenye banda. Kwa mfumo wa mkataba ulioshamiri tangu miaka ya 1990, kampuni huleta watoto wa nguruwe, chakula na dawa. Mfugaji hutoa ardhi, banda, umeme na jasho lake, naye hulipwa ujira.

Mpango huu una mvuto wa kweli. Chakula pekee humeza zaidi ya nusu ya gharama, na bei ya mahindi na soya haina mwenyewe. Desemba 1998, nguruwe walipozidi uwezo wa machinjio, bei iliporomoka hadi karibu dola 10 kwa kilo 45 za mnyama hai, chini sana ya gharama ya kumkuza. Wafugaji wengi wa kujitegemea walifilisika. Wenye mikataba walikingwa dhidi ya bei hiyo. Sensa za kilimo za Marekani zinaonyesha mashamba yenye nguruwe yalipungua kutoka zaidi ya 190,000 mwaka 1992 hadi takriban 60,000 mwaka 2022.

Lakini kinga hiyo ina gharama. Mkopo wa kujenga banda hulipwa kwa miaka mingi, na mkataba ukivunjika kabla deni halijaisha, mfugaji hubaki na jengo lisilofaa kwa kazi nyingine. Kinyesi nacho ni chake. Iowa hukitumia kama mbolea mashambani, na hiyo ni faida. Jimbo la North Carolina hukihifadhi kwenye mabwawa ya wazi na kukinyunyizia mashambani. Mwaka 1999 mafuriko ya kimbunga Floyd yalifurisha baadhi ya mabwawa hayo. Mwaka 2018, majopo ya raia mahakamani (jury) huko yaliamuru kampuni tanzu ya Smithfield, kampuni ya nyama ya nguruwe, iwalipe majirani fidia kwa uvundo na kero.

Nyama ya nguruwe hao ni rahisi kwa sababu sehemu ya gharama yake hulipwa na mfugaji na jirani. Haki ni kwamba mkataba udumu muda wote wa mkopo, na mwenye nguruwe awe pia mwenye kinyesi chao.