Mshiko, Msuguano na Mburuzo: Istilahi za Magurudumu ya Roboti

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa roboti za mashindano hukutana upesi na tatizo ambalo kamusi haimsaidii sana. Mwongozo waeleza kwamba roboti inapogeuka, gurudumu hupoteza nguvu ya kuing'ang'ania sakafu. Kamusi nayo yampa neno moja tu, yaani msuguano. Lakini katika darasa la fizikia msuguano aghalabu hutajwa kama adui: hula vyuma, huzaa joto, hupunguza mwendo, na dawa yake ni mafuta. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo, akiambiwa kwamba roboti yake ina tatizo la msuguano, atatafuta grisi. Hapana budi basi tuutenge msuguano unaotumika na ule unaopoteza. Ule unaotumika twapendekeza uitwe mshiko. Twafahamu kwamba vijana wa mjini huliita jina hilo fedha. Hatuoni kwamba fedha zitachanganywa na magurudumu.

Roboti tunazozizungumzia ni zile za mashindano ya wanafunzi yanayoendeshwa na FIRST, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 huko Manchester, New Hampshire. Uwanja wake hutandikwa zulia. Roboti nyingi za siku hizi zina magurudumu manne, na kila gurudumu lina mota mbili, moja ya kulizungusha ili roboti iende na nyingine ya kulielekeza. Kwa hiyo roboti yaweza kwenda mbele, kwenda ubavu kama kaa, au kuzunguka papo hapo ilipo. Jina la Kiingereza la mfumo huu limetoka katika kitenzi chenye maana ya kukwepa ghafla, na mfasiri mwenye haraka aweza kuandika “mwendo wa kukwepa”. Tafsiri hiyo haifai, maana hakuna kinachokwepwa. Afadhali magurudumu elekezi. Tungeweza kusema magurudumu geugeu, lakini kigeugeu ni mtu asiyeaminika, na chombo hiki hufaa pale tu kinapoaminika.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Neno kuteleza limebebeshwa makosa mawili yasiyofanana. Chukua roboti ambayo magurudumu yake yamekaa kwenye pembe za mraba wenye upande wa mita 0.6. Kutoka kitovuni hadi kila gurudumu ni mita 0.42 hivi. Roboti ikizunguka mara moja kwa sekunde, kila gurudumu hupita juu ya zulia kwa kasi ya mita 2.7 hivi kwa sekunde, na sharti lielekee pembe mraba na mstari utokao kitovuni. Likikosea kwa nyuzi 10 tu, huvutwa kiubavu kwa kasi inayokaribia nusu mita kwa sekunde. Gurudumu hilo halikukosa mshiko. Limekosa mwelekeo, na wenzake wanaliburuta. Kosa hili na liitwe mburuzo.

Kosa la pili ni pale mota inapodai nguvu kuliko sakafu iwezavyo kuipokea. Roboti ya kilo 50 hukandamiza kila gurudumu kwa nyutoni 123 hivi. Ikiwa mshiko ni sawa na mkandamizo huo, gurudumu haliwezi kusukuma zaidi ya nyutoni 123. Likizidishiwa, huzunguka bure, kama tairi la lori lililozama matopeni. Makosa haya mawili ni ndugu, kwani mshiko ni akiba moja: kiasi kinachotumika kuzuia mburuzo hakipo tena kwa kusukuma. Ndiyo maana roboti iliyo hodari kwenda moja kwa moja huonekana dhaifu inapogeuka.

Tiba zake, hata hivyo, ni mbalimbali. Mburuzo hutibiwa kwanza kwa kusawazisha sifuri ya mwelekeo wa kila gurudumu, kisha katika programu. Gurudumu linalotakiwa kugeuka nyuzi 150 hugeuzwa nyuzi 30 kwa upande wa pili, na mota yake ikaenda kinyumenyume. Kabla mwelekeo haujatimia, kasi huzidishwa kwa kosaini ya pembe iliyobaki: zikibaki nyuzi 60, gurudumu lipewe nusu ya kasi, zikibaki 90, lisipewe kitu. Na gurudumu moja likidaiwa kasi kupita uwezo wake, yote manne yapunguzwe kwa uwiano uleule, la sivyo matatu yatamburuta huyo mmoja. (Msomaji atusamehe kwa kulipa gurudumu ngeli ya watu.)

Kuzunguka bure kwahitaji mengine: kuwekea kikomo umeme uingiao mota, kuongeza kasi polepole, na kubadilisha mpira uliokuwa kipara, neno ambalo madereva wametupatia zamani na halihitaji kamati. Fremu nayo isiwe ngumu mno au iliyopinda, maana gurudumu lisilogusa sakafu halina mshiko wowote, kama mguu mfupi wa meza.

Lipo pia kosa la tatu ambalo si la sakafu kabisa. Kompyuta ya roboti kwa kawaida hutoa amri mpya kila baada ya milisekunde 20. Katika muda huo roboti yetu imekwisha kuzunguka nyuzi 7.2, ilhali amri imebaki ileile. Ikiwa yaenda mbele huku ikizunguka, njia yake hupinda kwa wastani wa nyuzi 3.6. Mtazamaji husema imeteleza. Haikuteleza, imepotoka, nayo hurekebishwa kwa hesabu ya programu tu.

Mwalimu aweza kuyapima maneno haya kwa sentensi moja: “Gurudumu la kushoto lina mshiko mzuri, lakini linaburuzwa.” Mwanafunzi aliyeielewa atakwenda kukagua sifuri ya mwelekeo, wala hatafungua bolti ili avishe mpira mpya.