Kipimo cha Umeme wa Jicho na Wanaokihitaji

Jicho laweza kuonekana zima ilhali mwenyewe haoni sawasawa. Mtoto hujikwaa kila giza linapoingia, akaitwa mzembe. Mtu mzima huona vyema mchana, lakini usiku hupotewa na njia aliyoizoea. Kwa wagonjwa wa namna hii, kusoma herufi ukutani hakutoshi. Wataalamu huhitaji kujua kama retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inafanya kazi.

Retina inapomulikwa hutoa umeme mdogo, unaohesabiwa kwa sehemu za milioni moja za volti. Frithiof Holmgren wa Uswidi aliugundua katika jicho la chura mwaka 1865. Leo mashine huunasa na kuuchora kama mawimbi.

Mgonjwa hutiwa dawa ya kupanua mboni, kisha hukaa gizani kwa dakika 20. Elektrodi nyembamba huwekwa juu ya jicho au kwenye ukope wa chini, na mwanga humulikwa kwa vipindi vifupi. Mashine haipeleki umeme ndani ya jicho; inapokea tu unaotoka humo. Hatua ya gizani hupima hasa seli zinazoona usiku. Baadaye mgonjwa hukaa kwenye mwanga kwa dakika 10, ndipo hupimwa seli zinazotambua rangi na kuona mchana.

Matokeo huongoza uamuzi mzito. Mtoto wa jicho akiwa mzito, daktari hawezi kuiona retina. Mawimbi yakiwa mazuri, kuna matumaini kwamba upasuaji utasaidia. Yakiwa hafifu sana, familia huelezwa mapema ili isitarajie yasiyowezekana. Kipimo hiki pia hubainisha magonjwa ya retina ya kurithi kabla dalili zake hazijaonekana wazi. Hata hivyo, hakipimi mshipa wa fahamu wa jicho. Mwenye presha ya jicho aweza kupata majibu mazuri na bado akahitaji matibabu.

Si kila asiyeona usiku huhitaji mashine. Upungufu wa vitamini A huleta tatizo hilohilo, nao hutibika ukiwahiwa. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini hiyo kila baada ya miezi sita.

Kipimo cha umeme wa jicho hufanyika katika vituo vya kibingwa vyenye mashine hiyo, hivyo safari huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa huchunguzwa na kupewa rufaa inapobidi. Anayekwenda kupimwa aongozane na mtu, kwa kuwa dawa ya mboni hutia ukungu machoni kwa saa kadhaa. Asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo. Wazazi wanashauriwa wasingoje mtoto ashindwe darasani: anayepapasa njia jioni apelekwe mapema.