Mabinti Wetu Wanaporuka Kinyumenyume

Juma lililopita, wakati wa mapumziko, binti mmoja wa mwaka wa sita alisimama katikati ya kiwanja cha shule yetu akawaambia wenzake: «Muniangalie.» Akajirusha kinyumenyume. Mikono yake ilifika chini ikiwa imekunjika, na mmoja ukavunjika. Mama yake alipofika alituuliza: «Ninyi walimu, mulikuwa wapi?» Hatukuwa na jibu.

Mchezo huo aliuona katika telefone. Shangazi yake anaishi Marekani, na binamu zake huko wamo katika kikosi cha kushangilia timu ya shule. Ushangiliaji huo ulianzia chuo kikuu cha Minnesota mwaka 1898, na wakati ule ulikuwa kazi ya wanaume. Leo wasichana ndio wengi, na wanaruka kweli. Lakini video haionyeshi miaka ya mazoezi iliyotangulia.

Huko mazoezi yanakwenda kwa ngazi. Ya kwanza ni kubingirika, kusimama kwa mikono na kuzunguka kama gurudumu. Ya pili ni flipu: mtoto anajirusha nyuma, anagusa chini kwa mikono, anarudi kwa miguu. Katika ya tatu anapiga salto baada ya kukimbia, magoti kifuani, mikono haigusi chini. Ya nne ni salto ya mwili ulionyooka, na katika ya tano mwili unajizungusha mzima hewani. Ni kama kusoma: hatumupi mtoto hadithi ndefu kabla hajajua herufi.

Binti yetu alikosea wapi? Aliruka juu badala ya nyuma, na hofu ikamukunja viwiko. Kwa flipu, mtoto anaanza kama anayeketi kwenye kiti, magoti yasipite vidole vya miguu, mikono karibu na masikio, viwiko vimenyooka. Kabla ya hapo awe anaweza kusimama kwa mikono ukutani nusu dakika, na kufanya daraja bila kuumwa mgongo. Halafu mtu anayejua anamushika kiunoni kwa nyuma na chini ya paja, juu ya matela au majani, kamwe si juu ya simenti.

Wamama wengine wanasema: tukataze kabisa. Tunawaelewa. Lakini mtoto aliyekatazwa ataruka nyuma ya nyumba, bila mtu wa kumushika. Kwa hiyo tumeanza mazoezi ya ngazi ya kwanza kila siku ya Posho, kwa matela mbili za zamani. Flipu itangoja. Salto hatutaifundisha, kwa sababu kati yetu hakuna aliyejifunza namna ya kuifundisha.

Nyumbani, kumbukeni hili: mtoto akianguka kwa kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida, au kichwa kikazidi kuuma, mumupeleke hospitali palepale. Shingo ikimuuma, asiinuliwe ovyo; mungoje munganga.

Siku ya Posho iliyopita, binti yule alikuja, mkono umefungwa. Aliketi kando ya ukuta akiwahesabia wenzake: moja, mbili, tatu, hadi thelathini. Mama yake alikuwa ameketi karibu naye. Hakutuuliza tena tulikuwa wapi.