Kifaa cha kutafutia ufunguo: ugumu uko kwenye batri

Bandugu, kwa wale wanaowaza proje ya elektroniki mwaka huu: kifaa cha kutafutia vitu vilivyopotea ni kizuri, sababu kila mtu anakielewa mara moja. Unabonyeza kifungo, ufunguo wako unalia chini ya kitanda. Mwenye kubeba kazi yake yote ya mwisho wa masomo ndani ya flashi moja hana haja ya kuelezwa faida.

Vipande ni viwili. Kimoja unabakia nacho, kinatuma mawimbi ya redio. Kingine kiko kwenye ufunguo, kinapokea na kuliza kengele. Vibao vya megahezi 433 ni vya bei ndogo. Antena yake ni waya tu: wimbi hilo lina urefu wa sentimita 69, robo yake ni 17 na kidogo. Kata waya ya shaba kwa kipimo hicho. (Hapa Kolwezi, shaba tena ikosekane?) Halafu weka namba ya utambulisho, sababu rimoti nyingi za mageti zinatumia megahezi hizo hizo. Bila namba, jirani anafungua geti lake, ufunguo wako unalia.

Sasa ugumu wenyewe. Kile kinachopotea njo kinapaswa kusikiliza mchana na usiku, sababu hakijui utakiita saa ngapi. Batri ya duara ya CR2032 inabeba karibu miliampea 220 kwa saa moja. Kama kipokeaji na mikrokontrola vinakula miliampea 5, gawanya: saa 44. Hata siku mbili hazitimii! Mbele ya mwalimu kinalia vizuri, kesho kutwa kimekufa, na hapo njo ufunguo unapotea kweli.

Dawa ni kukilaza. Mikrokontrola kama ATtiny85 ikilala inakula kidogo sana. Ipange iamke kila sekunde, iwashe kipokeaji kwa milisekunde 20, ilale tena. Ikisikia mawimbi, ibakie macho mpaka isome namba nzima. Matumizi yanashuka hadi sehemu 2 kwa 100, ni kusema wastani wa miliampea 0.1: saa 2,200, karibu miezi mitatu. Kitumaji nacho kirudie namba kwa sekunde mbili au tatu, kisije kikaita wakati mwenzake amelala.

Ukinunua, uliza volti. Vipokeaji vingi vya bei ndogo vinaomba 5, CR2032 inatoa 3. Na batri hii, tofauti na ile ya simu, haina kobalti: ni lithiamu na manganizi, madini ambayo yako Kisenge, humu humu Lualaba.

Kabla ya kutetea kazi, pima na multimita kikiwa kimelala, kisha kikiwa macho. Kijaribu pia ndani ya sufuria iliyofunikwa na nyuma ya mabati, chuma kinazuia mawimbi sana. Namba hizo ziandike kwenye ripoti jinsi zilivyo, hata zile mbaya. Jury itauliza batri inadumu siku ngapi.